Shajara ya mradi: kukarabati kitabu pepe ambacho tayari kiko sokoni

## 4 Februari: hali ya faili

Kitabu chenyewe ni riwaya ya zamani, ndani yake mna barua na mashairi. Mchapishaji mdogo mwenye haki zake alikipeleka kwa kampuni ya ugeuzaji, kikarudi kikiwa EPUB, kikapandishwa kwenye maduka ya mtandaoni bila mtu kukisoma. Waliokisoma kwanza ni walionunua. Mmoja akalalamika kwamba maneno yamekatika katikati. Mwingine kwamba akiwasha hali ya usiku maandishi yote yanapotea. Wa tatu akauliza kwa nini jina la kitabu linajitokeza ghafla katikati ya mazungumzo ya wahusika. Nimepewa kazi ya kulisafisha faili hilo. Naandika kila hatua ili mwenye mzigo kama huu apate pa kushika.

Nilichokabidhiwa: EPUB inayouzwa, PDF ya kitabu, na nakala moja ya karatasi. EPUB si kitu cha kuogopesha. Ni folda iliyofungashwa kwa ZIP, na ndani yake mna kurasa za XHTML, faili la CSS linaloamua mwonekano, picha, na faili la OPF linaloorodhesha vyote hivyo pamoja na jina la kitabu, mwandishi na lugha. Ukilifungua kwa Sigil au kwa kihariri cha calibre, programu za kuhariri EPUB, unaona kila kitu.

Cha kwanza nililipitisha faili kwenye EPUBCheck, programu rasmi ya ukaguzi. Halikupatikana kosa hata moja. Hapo ndipo wengi wanaposimama, na nadhani kampuni ile nayo ilisimama hapohapo. EPUBCheck inaangalia kama tagi (alama za msimbo zinazozunguka maandishi) zimefungwa, kama viungo vinafika vinakoelekea, kama mafaili yote yameorodheshwa. Kiswahili haikijui, wala lugha nyingine yoyote. Sentensi isemayo "Una mm mkononi?" mahali pa "Una nini mkononi?" inapita kwake bila swali.

Nimesoma sura ya kwanza yote nikiandika kasoro pembeni. Karibu zote zina mzizi mmoja: karatasi. Kistari cha mwisho wa mstari, namba ya ukurasa, jina la kitabu juu ya ukurasa, upana wa safu. Vilikuwa na kazi yake kwenye karatasi, vikahamishiwa kwenye skrini na hakuna aliyeviambia kwamba kazi imekwisha.

Nilitarajia kuanza upya kutoka kwenye PDF. Nilichagua mistari michache, nikainakili, nikaibandika kwenye kihariri, ikatoka na makosa yaleyale. Yaani PDF yenyewe ni picha za skana zilizowekewa tabaka la maandishi yaliyosomwa na mashine, na EPUB ilizaliwa humo. Kwa hiyo shahidi wa kuaminika ni nakala ya karatasi tu. Tunakarabati faili lililopo, karatasi ikiwa mezani.

## 10 Februari: vichwa vya kurasa

Vichwa vya juu ya kurasa vilikuwa rahisi kupata kwa sababu vyote ni herufi kubwa. Nilitafuta jina la kitabu kwa herufi kubwa, likifuatwa au kutanguliwa na tarakimu, nikafuta. Hakuna cha kusimulia.

Namba za kurasa zilizobaki peke yake ndizo zilizosumbua. Niliandika ruwaza, yaani kanuni ya utafutaji, ya kunasa aya yoyote yenye tarakimu tupu, nikaamuru zote zifutwe kwa mkupuo. Zikafutika, na pamoja nazo vichwa vya sura kadhaa, maana mwandishi alizipa sura hizo majina ya miaka. Nikarudisha nakala ya akiba. Ruwaza iliyofanya kazi ni ile inayoangalia pia jirani: aya ya tarakimu tupu inafutwa ikiwa tu aya iliyoitangulia haikuishia kwa nukta, alama ya kuuliza, alama ya mshangao au alama ya kufunga nukuu. Kichwa cha sura hakiwezi kufuata sentensi isiyokwisha. Namba ya ukurasa inaweza. Zile zilizoangukia mwisho wa aya halisi nilizipitia moja moja.

Tangu hapo kila amri ya kubadilisha kwa mkupuo inatanguliwa na nakala ya faili yenye tarehe kwenye jina lake, na orodha ya vitakavyoguswa naisoma kabla sijabonyeza.

## 15 Februari: vistari na aya zilizokatika

Kwenye karatasi neno lisipoenea mstari hukatwa kwa kistari. Mashine iliyosoma skana iliviweka vistari hivyo kama ilivyoviona, kwa hiyo msomaji wa simu anakuta "wali-pofika" na "kuto-kana" katikati ya mstari wake. Kufuta kila kistari kilicho kati ya herufi mbili hakufai: kulikuwa na "moja-moja" (tahajia ya mwandishi, nayo inabaki), majina ya watu yenye kistari, na mlio wa ngoma ulioandikwa kwa vistari.

Kilichofaa ni kukiuliza kitabu chenyewe. Programu fupi ya Python ilikusanya maneno yote yenye kistari, ikayaunganisha, kisha ikatazama kama umbo lililounganishwa linatokea kwingine kitabuni. "Walipofika" lipo mara nyingi, kwa hiyo "wali-pofika" linaunganishwa bila mjadala. Umbo lisilotokea kwingine linabaki kwenye orodha ya kuamuliwa kwa macho. Orodha hiyo ilikuwa fupi kuliko nilivyohofia.

Kuna kistari kingine kisichoonekana kabisa, kistari laini, chenye namba U+00AD katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta. Kinajitokeza pale tu neno linapofika ukingoni. Kwenye skrini neno linaonekana zima, lakini vifaa vingine ukilitafuta hulipati, kwa kuwa katikati yake mna alama iliyojificha. Nilivifuta vyote, hivi havina sababu ya kubakizwa.

Aya nazo zilikuwa zimekatwa kila ukurasa ulipoishia. Dalili yake ni aya inayoanza kwa herufi ndogo. Niliziunganisha na zilizotangulia kwa ruwaza moja, na mashairi yote yakageuka nathari, kwa kuwa mishororo mingi huanza kwa herufi ndogo. Mwenye kufuata njia hii ayawekee mashairi tagi zake kwanza, ndipo aunganishe aya. Mimi nililazimika kurudi nyuma hadi nakala ya asubuhi.

## 27 Februari: makosa ya kusoma skana

Hapa ndipo muda ulipoliwa.

Nilianza na kikagua tahajia. Kamusi ya Kiswahili niliyokuwa nayo ilipiga mstari mwekundu chini ya nusu ya kila ukurasa. Ni jambo la kutarajiwa: kitenzi kimoja cha Kiswahili huvaa viambishi vya nafsi, wakati, mtendwa na kauli, na orodha ya maneno haiwezi kuyabeba maumbo yote. "Hawakumwandikia" ni sahihi kabisa lakini kikagua hakijawahi kuliona. Kengele inayolia kila hatua haisaidii, nikaizima.

Badala yake nilitumia tabia ya lugha yenyewe. Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Nikatafuta kila neno linaloishia kwa konsonanti, nikatoa majina ya watu na ya mahali, na kilichobaki kilikuwa makosa karibu yote: "wah" mahali pa "wali", "mm" mahali pa "nini", "hall" mahali pa "hali". Kisha nikatafuta konsonanti ambazo ni nadra kukaa pamoja. Katika Kiswahili "hs", "hl" na "ll" ni adimu (ziko katika maneno machache ya mkopo, kama "ahsante"), kwa hiyo "ahsema" (alisema), "hle" (lile) na "klla" (kila) vilijileta vyenyewe. Mashine huziona herufi "li" zilizobanana ikasoma "h", na "ni" ikasoma "m". Ukishazijua jozi hizo unajua pa kutafuta.

Hatua ya tatu ilikuwa orodha ya maneno yote ya kitabu kwa idadi ya kutokea kwake. Maneno yanayotokea mara moja tu yana makosa mengi kuliko mengine. Ni orodha ndefu, ya kusomwa taratibu na chai pembeni, lakini ilinasa kile ambacho ruwaza ziliacha.

Hata hivyo kuna makosa ambayo hakuna orodha itakayoyanasa, kwa kuwa yenyewe ni maneno halali. "Nina" ikisomwa vibaya huwa "mna". "Nia" huwa "mia" ikipata nukta mahali pabaya. "Alia" huwa "aha", na mhusika anayelia anageuka kuwa mtu aliyeshangaa. Kosa la namna hii halivunji sentensi, linabadilisha alichosema mwandishi, na msomaji hana njia ya kujua. Haya nimeyaacha hadi hatua ya kusoma na karatasi.

## 6 Machi: ritifaa

Mwanzoni niliona "ng'ombe" kwenye skrini na sikushuku kitu. Kisha nikalitafuta neno hilo kwenye simu, likaja mara mbili tu katika sura ambayo ng'ombe ndio mada.

Ritifaa, yaani alama inayofuata "ng" katika "ng'ombe", ilikuwa imeandikwa kwa alama tatu tofauti katika kitabu kimoja: ile iliyonyooka ya kibodi (U+0027), iliyopinda kulia (U+2019), na iliyopinda kushoto (U+2018). Hii ya tatu ni zao la programu zinazopendezesha alama za kunukuu: zinabahatisha tu kama nukuu inafunguka au inafungwa, na zikikosea "ng" inafuatwa na alama ya kufungua. Kwa jicho ni tofauti ndogo, ila kwa kompyuta ni maneno matatu yasiyojuana.

Nilijaribu alama ya nne, U+02BC, ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi, na kwa hoja hiyo ndiyo inayoistahili "ng'". Ikashindwa mara mbili. Fonti iliyopachikwa kitabuni haikuwa nayo, kwa hiyo kukatokea visanduku vitupu. Nilipoiondoa fonti hiyo visanduku viliisha, lakini utafutaji ukafa kabisa, kwa sababu hakuna msomaji mwenye alama hiyo kwenye kibodi yake. Tumebaki na U+2019 kitabu kizima. Ruwaza ni nyepesi: "ng", kisha alama yoyote kati ya hizo, kisha irabu. Nukuu ya kufunga haiingii mtegoni, maana baada yake huja nafasi au alama nyingine.

Bado kifaa kimoja nilichojaribia hakioni "ng'ombe" ukiandika ritifaa iliyonyooka. Kasoro hiyo ni ya kifaa, sina la kufanya.

## 11 Machi: lugha, rangi na ukubwa

Katika OPF lugha ya kitabu ilikuwa "en". Neno hilo moja lilikuwa na madhara mawili. Vifaa vinavyokata maneno mwishoni mwa mstari vilitumia kanuni za Kiingereza, kwa hiyo baadhi ya maneno yalikatwa katikati ya silabi. Na sauti ya kusoma kitabu ilikisoma kwa matamshi ya Kiingereza, balaa kwa msomaji asiyeona. Nimeweka "sw" katika OPF na katika kila faili la XHTML.

Tiba ikaleta ugonjwa mpya. Vifaa visivyo na kanuni za kukata maneno ya Kiswahili viliacha kukata kabisa, na kwa kuwa CSS iliamuru mistari inyooke pande zote mbili, kukawa na mapengo mapana kati ya maneno, hasa kwenye simu nyembamba. Nimeiondoa amri hiyo. Anayependa mistari iliyonyooka ataiwasha mwenyewe kwenye kifaa chake.

Maandishi kupotea usiku ni kosa la mstari mmoja: CSS iliamuru rangi nyeusi kwa kila aya. Kifaa kikigeuza mandhari kuwa meusi, herufi nazo zinabaki nyeusi. Nimefuta rangi zote, za herufi na za mandhari. Ukubwa wa herufi ulikuwa umefungwa kwa pointi 11 na nafasi ya mistari kwa pointi 14, vipimo vya karatasi tena, kwa hiyo msomaji alipokuza herufi mistari ilipandiana. Sasa vyote viko kwa em, kipimo kinachofuata ukubwa aliouchagua msomaji. Aya tupu zilizotumika kama nafasi nimezifuta. Nafasi inatolewa na CSS.

Faili la CSS lilikuwa na mamia ya mistari. Limebaki kiasi cha kusomeka kwenye skrini moja bila kuviringisha.

## 20 Machi: mashairi

Mashairi ya kitabu hiki ni tarbia: kila ubeti mishororo minne, kila mshororo vipande viwili, ukwapi (cha kwanza) na utao (cha pili). Kwenye karatasi vipande vinatenganishwa kwa pengo, na vina vya kati vinasimama safu moja juu ya mwingine. Kwenye faili lililouzwa pengo lilikuwa rundo la nafasi zisizovunjika. Kwenye skrini pana lilipendeza, kwenye simu kila mshororo ulivunjika ovyo, na vina vikatawanyika.

Nilijaribu jedwali la safu mbili. Linakaa vizuri hadi msomaji akuze herufi; hapo safu zinabanana na kila kipande kinavunjika mara tatu. Tagi ya pre inazuia mistari isivunjike, lakini kinachozidi upana wa skrini kinakatwa, na utao haupo tena. Mtu alinishauri niweke mashairi kama picha. Picha haikuzwi pamoja na maandishi, haitafutwi, haisomwi kwa sauti, na usiku inawaka kama dirisha jeupe katikati ya ukurasa mweusi. Nilikataa bila kujaribu.

Kilichokubali: kila mshororo ni aya yake, yenye padding-left ya 2em na text-indent ya -2em, ili ukivunjika sehemu inayobaki iingie ndani kidogo na jicho lijue ni mshororo uleule. Kila kipande kimefungwa kwenye span (tagi ya kufunga sehemu ya mstari) yenye display: inline-block na text-indent: 0, maana bila hiyo kipande hurithi -2em ya aya. Skrini ikiwa pana, ukwapi na utao vinakaa mstari mmoja. Ikiwa nyembamba, utao unashuka mzima chini ya ukwapi wake. Kifaa cha zamani kisichoelewa inline-block kinavunja mstari kwa kawaida yake, na bado shairi linasomeka. Ubeti mzima umepewa page-break-inside: avoid usigawanywe na ukurasa.

Vina vya kati havisimami tena safu moja kwenye simu. Mhariri wa kitabu hakupenda. Nami sijapenda, ila kati ya safu iliyonyooka na shairi linalosomeka nimechagua la pili.

## 29 Machi: yaliyomo, tanbihi na mapengo ya hadithi

Faili lilikuwa EPUB 2, kiwango cha mwaka 2007. Nimelihamishia EPUB 3, nikatengeneza ukurasa wa urambazaji mpya na kuiacha NCX, faili la yaliyomo la EPUB 2, humohumo kwa ajili ya vifaa vikongwe. Tanbihi zilikuwa tarakimu ndogo zisizoelekea popote. Sasa kila moja ina kiungo cha kwenda na cha kurudi.

Mapengo yalihitaji karatasi. Mwandishi hutenganisha matukio kwa mstari mtupu, na pale mstari huo ulipoangukia mwisho wa ukurasa, mashine haikuuona. Matukio mawili yakaungana: mtu yuko kisimani, sentensi inayofuata yuko kitandani anaumwa. Nimepitia mwisho wa kila ukurasa wa karatasi nikirudisha mapengo, na badala ya mstari mtupu nimeweka nyota tatu katikati, kwa kuwa mstari mtupu ukiangukia juu ya skrini hauonekani. Maneno ya mlazo nayo yalipotea yote kwenye skana. Yalirudishwa kwa mkono katika mzunguko huohuo.

## 17 Aprili: kusoma kwa sikio

Kwa zile "mna" na "aha" tulisoma kitabu kizima. Msomaji wa pili alishika karatasi, nami nikaiacha kompyuta isome EPUB kwa sauti ya Kiswahili. Sauti ya mashine haina huruma: haisahihishi neno kimyakimya kama jicho linavyofanya, inatamka kilichoandikwa. Anayefuatilia kwenye karatasi akisikia tofauti anasema "simama", tunasahihisha, tunaendelea. Tulipofanya kwa macho tu, sura ileile ilitupita ikiwa na makosa ambayo sikio liliyanasa.

Gharama yote ya fedha ya mradi huu iko hapa: malipo ya msomaji wa pili. Programu zote ni za bure. Kwa muda, hatua hii peke yake ilichukua zaidi ya zote zilizotangulia zikijumlishwa, na ndiyo ambayo mchapishaji alitaka tuiruke.

## 25 Aprili: kufungasha

Nilifungasha folda kwa programu ya kawaida ya ZIP, na EPUBCheck, iliyokuwa kimya tangu mwanzo, ikalalamika. Faili dogo liitwalo mimetype lazima liwe la kwanza kwenye kifurushi na lisibanwe. Kwa amri mbili:

zip -X0 kitabu.epub mimetype
zip -Xr9D kitabu.epub META-INF OEBPS

Sigil hufanya hivyo yenyewe. Tatizo linampata anayefungua na kufunga kwa mkono. Nimelijaribu kwenye simu, kishikwambi, kompyuta na kifaa cha wino wa kielektroniki, kwa herufi ndogo kabisa na kubwa kabisa, mchana na usiku. Kwa herufi kubwa kabisa vichwa vya sura ndefu bado vinavunjika vibaya. Nimevipunguza hadi 1.3em, vimetulia.

## 9 Mei: sokoni

Toleo jipya limepandishwa. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, haikubadilika, kwa kuwa kusahihisha makosa ya chapa hakufanyi kitabu kuwa kingine. Tarehe ya dcterms:modified (ya mabadiliko ya mwisho) katika OPF ni mpya, na ukurasa wa haki una mstari unaotaja kwamba hili ni toleo lililosahihishwa pamoja na mwezi wake, ili msomaji ajue analo lipi.

Walionunua zamani hawapati faili jipya kwa namna moja. Duka moja linawaruhusu kupakua upya, jingine linangoja kuombwa, na anayepakua upya anaweza kukuta alama na maelezo yake yamehama au yamepotea, kwa sababu yalishikilia nafasi katika faili la zamani. Mchapishaji ameandika tangazo fupi kuhusu hilo.

Bado: jalada ni picha ndogo iliyokuzwa, linahitaji kuskaniwa upya. Barua ya sura ya tisa ina neno ambalo karatasi yenyewe imefifia, na tumeliacha kama lilivyosomwa na mashine hadi ipatikane nakala nyingine ya kulinganisha. Na msomaji mmoja ameshatuma "hho" mahali pa "hilo". Nimetafuta ruwaza ya "hh" kitabu kizima, ilikuwa hiyo moja. Imeongezwa kwenye orodha ya ruwaza kwa ajili ya kitabu kinachofuata.